Chumvi ya Pango la Popo

Jericho, Nairobi, Jumapili jioni

Nekesa mwanangu,

Sina haja ya kukujulia hali, maana umetoka hapa saa tisa ukiwa mzima, unacheka, umeenda Komarock kuwaaga wenzako wa kwaya. Nimebaki na meza na daftari lako la zamani ambalo kurasa zake za nyuma hazikuandikwa. Mambo ya soksi, sweta na sabuni mke wangu Rosa ameyasema mpaka mimi nisiyesafiri nimeyashika kwa kichwa. Mimi nina jambo moja tu. Jana nililianza vibaya, ukanicheka.

Hukukosea kucheka. Nani katika Jericho hii hanijui? Waulize kina mama wa sokoni, watakuambia Wanjala ndiye aliyezima moto wa godauni kule Industrial Area kwa blanketi moja. Blanketi lilikuwa la mlinzi mwenzangu, na moto ulikuwa wa jiko la makaa lililopinduka. Watakuambia niliacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu alikosa cha kunifundisha. Niliacha kwa sababu sikuelewa hesabu za sehemu, na mpaka leo sizielewi. Nakuambia haya mapema ili ujue leo naandika namna gani.

Hadithi uliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya pango. Ulikuwa unakaa pale kwenye kigoda, meno ya mbele yameng'oka, unasema, "Baba Mkubwa, ya pango." Nami naanza. Namna nilivyoingia pango la Mlima Elgon peke yangu na kijinga cha moto, nikawakuta ndovu saba wanakwangua chumvi ukutani kwa pembe zao, nikamwambia mkubwa wao, "Songa mzee, kuna wengine," naye akasonga. Namna popo walivyonishukia kama mvua, nami nikawakamata mia tatu katika gunia moja, kisha nikawaachilia kwa kuwa nina huruma. Na namna baba yako Simiyu, mdogo wangu, alivyokufa akimzuia ndovu wa mwisho asinikanyage. Ulikuwa unauliza, "Alimzuia kwa mikono?" Nami najibu, "Kwa mikono miwili, mwanangu, mpaka ndovu akatoa machozi."

Hiyo ndiyo hadithi uliyowapa wale watafiti wa popo walipokuhoji kwa ajili ya kazi. Ulinisimulia mwenyewe, umesimama hapo mlangoni na karatasi ya kazi mkononi. "Wengine walisema wamesoma biolojia, Baba Mkubwa. Mimi nikasema nimesoma biolojia, na tena kwetu hatuogopi pango lile, baba yangu mkubwa alitoa popo mia tatu humo. Wakacheka sana! Wakaniuliza kama naweza kuwatangulia ndani na taa. Nikasema hata kesho."

Nilitoka nje nikapiga kelele plot nzima isikie. Nilisema, "Hiyo ni damu yangu!" Jirani yetu Mama Shiru akaacha kuosha sufuria akaja kukupa mkono. Na ndani ya kifua changu moyo ulikuwa unagonga kama mashine iliyokosa mafuta, lakini mdomo ulikuwa unaendelea tu, maana mdomo wangu haujawahi kuuliza moyo kitu.

Sasa hivi giza linaanza kuingia na wale popo wa kwetu wanatoka darini, mmojammoja, pale kwenye kona ya paa iliyovunjika. Unakumbuka nilitaka kuwafukizia moshi wa pilipili? Ukanikataza. Ulisema, "Hawa wanakula mbu, waache. Popo hana kosa." Ndipo ukanieleza kazi yako, nami kwa mara moja katika maisha nikanyamaza nikasikiliza. Ulisema wataalamu wanashuku kuna popo wanaobeba virusi vibaya sana mwilini na hawaugui. Wanakula, wanazaa, wanaruka kama kawaida. Nikakuuliza inawezekanaje. Ukasema, "Ni kama mwenye nyumba na mpangaji waliozoeana, Baba Mkubwa. Wamekaa pamoja miaka na miaka, hakuna anayemvunjia mwenzake mlango. Lakini huyo mpangaji akihamia kwa mtu ambaye hamjui, anabomoa nyumba yote." Ukasema bado hawajapata uhakika ni popo au ni mnyama mwingine, ndiyo maana wanaenda kuwakamata wawapime damu.

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nilikiweka chini. Ulidhani imekuwa baridi.

Mimi nilishaijua nyumba iliyobomolewa, Nekesa. Nilikuwepo ilipobomolewa.

Sikiliza sasa. Hakuna ndovu katika hii.

Ulikuwa na miaka mitatu. Mimi nilikuwa nimeajiriwa kiwandani hapa mjini, nikaenda nyumbani likizo na viatu vya kung'aa na redio ya mkono. Kiangazi kilikuwa kikali, ng'ombe wa babu yako walikuwa wamepunguza maziwa na wanalamba kuta za nyumba kutafuta chumvi. Babu yako akatutuma mimi na Simiyu pangoni tulete udongo wa chumvi, kama watu wa kwetu walivyofanya tangu zamani. Na kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Si kila ukuta wa pango una chumvi nzuri. Mwingine ni mchungu, ukiwapa ng'ombe wanaharisha mpaka wanalala. Kwa hiyo kabla ya kuchimba, lazima mtu akwangue kidogo aonje kwa ulimi. Na anayeonja ni mkubwa. Mkubwa anaonja, anatema, anasema "hapa," na wadogo ndio wanachimba. Babu yako alitukumbusha tukiwa tumeshabeba majembe: "Wanjala, wewe ndiye ulimi."

Nikamjibu, "Baba, hilo unaniambia mimi?"

Tuliingia. Nikuambie ukweli wa pango lile: linanuka. Harufu inakushika kooni kabla hujaona kitu. Juu popo walikuwa wamejaa mpaka mwamba hauonekani, na mavi na mikojo yao inadondoka kichwani, begani, na kuta zenyewe zimelowa na kuteleza. Nilikuwa na shati jeupe. Sijui ni mjinga gani anavaa shati jeupe kwenda pangoni, lakini nilitaka watu wa njiani wanione. Nikainua taa, nikautazama ule ukuta unaometameta. Niliogopa, Nekesa. Si ndovu, si chui. Niliogopa kuweka ulimi pale.

Ningesema, "Simiyu, naogopa, turudi." Maneno matatu. Tungerudi, babu yako angenitukana, ng'ombe wangeendelea kulamba kuta, basi. Lakini tangu nishuke kwenye basi nilikuwa nimewaambia watu kwamba Nairobi mimi nakula na uma mezani kwa wakubwa. Mtu wa namna hiyo anasemaje anaogopa? Nikasema, "Onja wewe. Ulimi wangu umezoea chumvi ya dukani, utanidanganya."

Simiyu akacheka. Alikuwa na kicheko kama chako, cha kuinua mabega. "Kaka, yaani mji umekula mpaka ulimi?"

"Onja, wacha maneno."

"Mzee alisema wewe ndiye ulimi."

"Na mimi nimekupa. Mkubwa hawezi kutoa ruhusa?"

Akaonja. Akatema, akasema ni mchungu. Nikasogeza taa, nikamwambia, "Jaribu pale." Akaonja pale. Nikamwambia, "Na kule juu kidogo." Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiangazi, naikumbuka ikimetameta kwenye mwanga wa taa. Mara tatu alionja, mimi nimesimama nyuma nimeshika taa kama bwana shamba. Ukuta wa tatu ndio akasema, "Hapa, kaka. Hii ni tamu." Tukajaza magunia mawili. Njiani nilimpa pole kwa mdomo mchungu, nikampa peremende.

Ng'ombe walilamba wakashiba. Jioni hiyo babu yako alinisifu mbele ya watu kwa ulimi wangu mzuri. Simiyu alikuwepo. Alinitazama tu akatabasamu.

Siku ya saba au ya nane akaanza kuumwa kichwa. Joto likapanda. Mama yako mzazi, Naliaka, akakupeleka kwa bibi yako ng'ambo ya mto, akidhani ni malaria na hataki mbu wakuume nyumba moja na mgonjwa. Ndiyo sababu uko hai leo, si kwa ujanja wa mtu. Naye akataka Simiyu apelekwe hospitali ya misheni siku hiyo hiyo. Mimi nikasema hapana. Nilikuwa na vidonge vya kichwa nilivyotoka navyo mjini, nikamwambia hivi ni dawa kali ya Nairobi, daktari wa kiwanda ni rafiki yangu. Daktari wa kiwanda hakunijua hata jina. Tulipoteza siku tatu tukingoja vidonge vyangu vifanye kazi. Macho ya Simiyu yakawa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi. Akaanza kutapika. Kisha damu, kwenye fizi, puani, na kwingine ambako sitakuandikia. Tulipotafuta punda wa kumvuta kwa mkokoteni, alikuwa hajui tena mimi ni nani. Aliniita Baba.

Alikufa kabla mkokoteni haujafika.

Na kuna la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza sikujua na hili nilijua. Kumwosha lilikuwa jukumu langu. Kaka humwosha kaka. Niliingia, nikaona lile godoro, nikatoka. Nikasema likizo yangu imeisha, kiwanda kitanifukuza, bila mimi mashine hazigeuki. Mama yako ndiye aliyemwosha, kwa mikono yake, kwa maji ya beseni na kitambaa. Mimi nilisimama kaburini nikatoa hotuba ndefu, watu wakalia, kisha nikapanda basi la usiku.

Siku chache baadaye simu ikaja kiwandani kwamba Naliaka ameanza kuumwa kichwa. Nilijua. Sikujua jina la kitu, lakini nilijua. Niliporudi alikuwa ameshazikwa. Watu wa kijiji walisema ni uchawi, wakamshika mzee mmoja jirani aliyekuwa amegombana na babu yako kwa mpaka wa shamba, wakamfukuza na wajukuu wake. Nilisimama pale na viatu vyangu vya kung'aa. Ningeweza kusema, "Jamani, ni pango, mimi nilikuwepo." Sikusema. Ukiniuliza yule mzee alienda wapi, sijui.

Nikakuchukua mgongoni nikaja nawe hapa. Ulipoanza kuuliza baba alikwenda wapi, nikamleta yule ndovu.

Miaka ilipita nikaanza kumwamini mwenyewe. Halafu ule mwaka ugonjwa wa kutoka damu ulipozuka kule Zaire, tulikuwa tumeketi wakati wa chai pale kiwandani, redio inasema: joto, kichwa, macho mekundu, damu, na wanaowaosha maiti ndio wanaofuata. Njoroge wa karakana akanigeukia, unajua anavyopenda kunichokoza. "Wanjala, huu nao hujaupiga?"

Nikasema, "Huu hapana."

Walicheka mpaka Njoroge akamwaga chai. Walidhani ndio mwanzo wa hadithi, wakangoja iliyobaki. Nikaenda chooni nikakaa huko mpaka king'ora kilipolia.

Sina uhakika ni kitu kile kile. Mimi si daktari, na shule niliiacha darasa la sita. Lakini nilikuwa pangoni humo humo, nikadondokewa na uchafu ule ule, na sikuumwa hata mafua. Nilibeba sijui nini kutoka pale, nikaenda nacho nyumbani, wakafa wengine, mimi nikaendelea kula na kulala. Ulipokuwa unanieleza habari ya popo kwamba hana kosa, nilitaka kukuambia: mwanangu, yule wa darini kweli hana kosa. Mwenye kosa ameketi hapa anakunywa chai.

Nilikuwa na miaka ya kukuambia. Ulipokuwa kidato cha pili uliandika insha ya baba yako na ndovu, ukapewa zawadi ya kamusi, nikasema akimaliza shule. Ulipomaliza nikasema akipata kazi. Ukapata kazi, na kazi yenyewe ni hiyo.

Basi jana nikajaribu. Ulikuwa unapiga nguo pasi. Nikasema, "Nekesa, baba yako hakuuawa na ndovu. Aliugua. Ilikuwa ni pango." Ukaweka pasi chini, ukanitazama, kwa kitambo kidogo nikadhani umesikia. Halafu ukaanza kuinua mabega. "Baba Mkubwa! Acha stori! Yaani sasa hata ndovu umemfuta? Umesikia nikisema virusi, leo virusi vimeingia kwenye hadithi!" Ukamwita Mama Rosa aje asikie toleo jipya. Akaja, naye akacheka, maana hata yeye sijawahi kumwambia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipoona nyinyi wawili mnacheka, nikacheka pia. Nikaongeza kwamba hivyo virusi nilivishika kwa masikio nikavitupa mtoni.

Ndiyo maana naandika. Karatasi haioni mtu akicheka ikabadilisha maneno.

Sikuombi uache kazi. Najua umeshaweka sahihi, najua nyumba hii inakutegemea tangu kiwanda kilipotupunguza, na najua ukiwa umeamua hushikiki. Ila ulisema wale wakubwa watavaa nguo za kufunika mwili mzima na vioo vya macho, na ninyi wa kubeba mtapewa glavu. Na ulisema wewe ndiye utakayetangulia na taa. Utatangulia kwa sababu umewaambia unatoka ukoo usioogopa pango lile. Hakuna ukoo kama huo. Ukoo wako ni mtu mmoja aliyeogopa akaficha, na mwingine aliyeonja kwa niaba yake akacheka. Ukifika mlangoni pa pango na huna nguo kama za wenzako, kaa nje. Sema unaogopa. Watakucheka, wataandika labda hufai, watakurudisha kwa basi. Nitakuja kukupokea stendi na nitabeba sanduku lako mpaka hapa bila kusema neno, na unajua hilo kwangu ni kazi kubwa kuliko ya ndovu.

Lakini sioni ikiwa hivyo. Nimekulea mimi. Nimekufundisha kila jioni kwa miaka kumi na saba kwamba mtu wa kwetu husema "songa" na pango likasonga. Barua moja itashindana na hayo? Nitaiweka chini ya sweta, utaikuta ukifika. Naona utakavyofanya. Utawasomea wenzako mkiota moto, utaiga sauti yangu, na mtacheka pamoja, na asubuhi utachukua taa.

Na kesho stendi, mbele ya Mama Shiru na wengine, mimi nitakuwa yule yule. Nitasema kwa sauti, "Waambie popo Wanjala anawasalimu!" Watu watacheka, nawe utanipungia mkono dirishani. Nimejaribu kufikiria nikisema jambo jingine hapo, siwezi kujiona nikilisema.

Kwa hiyo nakuachia njia moja tu ya kunipima, na ukishaitumia fanya utakavyoona. Unazijua hadithi zangu zote, hakuna mtu duniani anayezijua kuliko wewe. Ya moto, ya mwalimu, ya chui wa Kangundo Road, ya ndovu. Katika zote, mwishoni mimi hushinda. Isome hii tena polepole, tangu juu, utafute mahali niliposhinda.

Nasikia sauti yako nje, unamsalimu Mama Shiru. Wacha nifunge daftari.

Wanjala, kaka mkubwa wa Simiyu